Wazee Marufuku

Tiketi ya kwanza ya disko ilichukuliwa na bibi asiye na jino hata moja.

"Kuna kucheza?" aliuliza.

"Kwezi, Koko. Kucheza kupo, lakini ni soul, muziki wa vijana," Chanfi alimwamkia bibi na kumjibu, kipaza sauti kikimning'inia kifuani.

"Basi nipe na za dada zangu." Akazifunga kwenye ncha ya leso, akaenda zake akitikisa mabega.

Chanfi alibaki kinywa wazi. Ulikuwa mwezi wa nane, shule zimefungwa, na mtaa mzima wa Magoudjou ulikuwa unalijua disko lake la baharini. Asubuhi mnang'oa nanga Moroni, mnacheza njia nzima, alasiri mnateremka Mutsamudu, kisiwa cha jirani, hoi bin taabani. Dijei ni Djanfar, aliyerudi na meli ya wakimbizi kutoka Majunga mwaka uleule, na sanduku moja tu mkononi. Watu bandarini walimhurumia kwa kuwa hana hata suruali ya pili. Sanduku lilikuwa limejaa sahani za santuri.

Kwenye matangazo ya mwanzo Chanfi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: WAZEE MARUFUKU. Si ndizo zama zenyewe? Rais Ali Soilih alikuwa amewakabidhi vijana nchi, na Chanfi alikuwa kwenye kamati ya mtaa, filimbi anayo. Mwezi uliopita tu aliipuliza katikati ya harusi kubwa, ile ya ng'ombe na dhahabu na majoho ambayo serikali ilikuwa imeikataza. Masufuria yakarudi stoo mchana kweupe, pilau haijaiva.

"Na wewe nimekuokoa, Baba," alimwambia baba yake siku ile.

Kwani baba yake, Mouhidine, na mvi zake na wajukuu zake, uwanjani kwao Ikoni alikuwa bado anaketishwa pamoja na vijana. Asiyefanya harusi kubwa ni mtoto tu, hata awe na ndevu za kufagia ua. Yeye alioa kwa ndoa ndogo, akasema kubwa itafuata, na miaka ikampita hivihivi.

"Sasa hakuna mkubwa wala mdogo. Sote sawa!"

Mouhidine aliangalia viatu vyake. "Ahsante, mwanangu," alisema.

Lakini tuseme kweli. Mapinduzi kando, soul kando, disko lile lilikuwa la mtu mmoja: Loutfia, binti wa Nahodha Elarif. Chanfi alimpenda msichana yule mpaka akawa anawasalimia mbuzi wa kwao. Alichokitaka ni wimbo mmoja wa polepole, ili amwambie lililo moyoni. Posa zilikuwa zimeanza kubisha hodi kwa Nahodha. Akichelewa, imekula kwake.

Ajabu ni kwamba Nahodha mwenyewe alimpa meli yake ya mizigo bure. "Chukua, kijana. Ila futa hayo maneno ya wazee."

Hata mama yake Chanfi, Sittina, asiyejua soul ni mnyama gani, alimhimiza. "Usiwasahau watu wa Ikoni. Waalike wote, mwanangu, asije mtu akanuna."

Chanfi akafuta maneno, akaenda Ikoni kwa teksi, kipaza sauti nje ya dirisha. Lo! Wazee walimzonga utadhani anagawa sukari. Mmoja akauliza kama melini panapandishwa ng'ombe.

"Ng'ombe wa nini, Baba?"

"Naye si anapenda muziki!"

"Djanfar, mapinduzi yameshinda!" Chanfi alipiga kelele aliporudi. "Mpaka mabibi wanataka soul!"

Siku ikafika. Loutfia alipanda melini na hina mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake wanawake wawili wamebeba kasha.

"Hina ya nini?" Chanfi aliuliza.

"Ya disko," alijibu, akacheka, akaingia chumbani kwa baba yake na kufunga mlango.

Djanfar akaweka sahani ya kwanza. Weee! Mabibi walicheza soul kwa mabega, mababu kwa bakora, na Koko asiye na meno alidai wimbo urudiwe. Chanfi alicheza na kila mtu, jicho kwenye mlango ule. Loutfia hakutoka.

Moroni ilipopotea nyuma yao, muziki ukakatika. Ngoma zikalia. Turubai likafunuliwa, na chini yake masufuria ya pilau yanafuka moshi. Vigelegele! Akatokea bwana harusi ndani ya joho la nyuzi za dhahabu, uso umefichwa na mwavuli. Mlango wa chumba cha Nahodha ukafunguka, akatolewa bibi harusi, shela mpaka miguuni, dhahabu imemjaa kifuani.

Hina. Kasha. Chumba cha Nahodha. Moyo wa Chanfi ulipasuka. Wanamwoza Loutfia wake, tena ndani ya disko lake! Akaruka juu ya magunia ya mchele, akapuliza filimbi mpaka machozi yakamtoka.

"Kwa jina la kamati! Harusi hii haipo!"

Mtu akamvuta shati. Alikuwa Loutfia, sinia ya haluwa mkononi.

"Shuka, Chanfi," alimnong'oneza. "Unamvunjia harusi mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako nani?"

Bibi harusi akafunua shela.

"Mimi," alisema Sittina. "Shuka, mwanangu, baba yako amechoka kuwa mtoto."