Namba Ishirini na Saba

Fundi cherehani alifungua mlango wa ofisi ya walimu bila kubisha hodi, akapita moja kwa moja hadi kwenye mashine ya fotokopi, akauchomoa waya ukutani. Mashine ilikohoa, ikameza nusu ya karatasi, ikanyamaza.

"Mama!" Mwalimu wa darasa aliruka kitini. "Mahafali ni kesho, na vijitabu bado!"

"Na havitatoka," alisema fundi. "Si na ukurasa huu."

Kwa miaka minne mwalimu hakuwahi kumsikia mama huyu akipandisha sauti. Mikono yake ilizoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kutikisika. Leo mikono hiyo ilibamiza karatasi mezani.

Ilikuwa karatasi ya kijitabu cha kuagana. Kila mhitimu alikuwa ameandikiwa mistari miwili mitatu ya utani, na kesho ingesomwa ukumbini, mwenyewe akisimama.

"Nisomee namba tatu," alisema fundi.

Mwalimu alishusha pumzi, akasoma. "'Redio. Huongea hata akimeza maji. Siku ya mtihani alinyamaza saa tatu mfululizo, msimamizi akamwita muuguzi.'"

"Kumi na moja."

"'Kobe. Mahafali ni leo. Yeye tunamtarajia Alhamisi.'"

"Kumi na tisa."

"'Mheshimiwa. Kidato cha kwanza aliazima rula yangu, akaahidi kuirudisha. Ahadi iko palepale.'"

Pembe ya mdomo wa fundi ilicheza kidogo. Akaikaza. "Sasa ishirini na saba."

Mwalimu alikohoa. "'Mwenzetu mwenye bidii na heshima. Tumejifunza mengi kwake. Tunamtakia afya njema.'"

"Nani amekufa?" fundi aliuliza.

"Mama..."

"Nakuuliza, mwalimu. Hizi ni salamu za rambirambi. Hata jina la utani hakuna!"

Mwalimu alijikuna kichwa. "Wazazi watatu wamekuja hapa tangu asubuhi kulalamika kwamba utani umezidi. Wewe unakuja kulalamika kwamba hautoshi?"

"Niitie Pilipili."

Pilipili ndiye aliyeandika kijitabu kizima. Alikuwa ukumbini akipanga viti. Alipoingia na kumwona fundi kasimama na waya mkononi, macho yake yalishuka hadi kwenye viatu vyake mwenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kobe ulimwandika wewe. Redio wewe. Ulimi wako unakata hata msumari. Ulipofika ishirini na saba, makali yaliisha?"

"Nilijaribu," alisema Pilipili kwa sauti ndogo. "Niliandika mara nne, nikafuta."

"Kwa nini?"

"Mama yangu aliona nikiandika. Akasema mtu yule hataniwi."

"Ana kidonda?"

"Hapana."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana, lakini..."

"Lakini nini? Miaka minne mmekaa dawati moja! Mmeazimana vifutio. Mmecheka kipindi cha jiografia hadi mkatolewa nje wote wawili. Leo unamwandikia kama mgeni rasmi?"

Fundi aliketi kwenye kiti cha mwalimu bila kukaribishwa. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikioni. Miaka minne sare ile ilipigwa pasi kabla jogoo hajawika. Miaka minne cherehani ilifunikwa shuka, wateja wakinung'unika, ili meza ipate nafasi ya madaftari. Majirani walipoulizana dirishani, shule ya nini kwa mtu kama yule, fundi alibana pini kwa meno akaendelea kushona. Yote hayo aliyameza. Hili la leo lilimkwama kooni.

"Sikiliza," alisema. "Kesho Redio atasimama, ukumbi utacheka. Kobe atasimama, kama atakuwa amefika, ukumbi utacheka. Halafu atasimama ishirini na saba, na watu watapiga makofi ya adabu. Unayajua makofi hayo? Ni ya mtu aliyekuja kutazama tu. Asiyetaniwa si mwenzenu. Kama hakuwa mwenzenu, semeni wazi."

"Alikuwa mwenzetu!" Pilipili aliinua uso ghafla, naye sasa amekasirika. "Nani kasema hakuwa?"

"Wewe. Hapa. Mistari mitatu."

Mwalimu alijishughulisha na kalamu zake.

"Nikiandika ukweli," alisema Pilipili, "atakasirika?"

"Ameshakasirika. Andika."

Pilipili alivuta karatasi, akainama juu ya meza, akaandika mstari mmoja. Aliutazama. Bega likaanza kumcheza, akaziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kikamtoka puani. Akaisukuma karatasi mbele kwa kidole kimoja, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua.

Fundi alivaa miwani yake, akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno:

"'Namba ishirini na saba, Bibi. Ana wajukuu sita, meno ishirini, na majibu yangu yote ya mazoezi ya hesabu.'"

Mwalimu aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Fundi alipitisha ulimi ndani ya shavu moja, kisha la pili, akihesabu. Halafu akainuka, akaurudisha waya ukutani, na mashine ikaanza kuunguruma.

"Meno ni ishirini na mawili," alisema. "Na swali la tisa ulinakili kwangu wewe."