Kozi Juu ya Ua wa Michongoma

Wenye mabawa husimulia kwamba asubuhi ya tarehe 9 Machi, mwaka wa pili tangu msitu ufyekwe kupisha nyumba za mtaa, ndege mgeni alitua juu ya ua wa michongoma. Tetea, kuku aliyebakiwa na kifaranga mmoja tu, akamfunika mwanawe kwa bawa.

Njiwa, aliyejiona mwalimu wa mtaa mzima, akacheka. "Bi Tetea, mwewe ana mkia wenye panda, naye huzunguka angani. Huyu mkia umenyooka, tena ametulia. Si mwewe huyu!"

"Nimekusikia, mwalimu. Ila mbona chiriku wote wamenyamaza?"

"Woga wa kishamba! Nakwenda kumkaribisha."

Njiwa akaruka hadi pale uani, akainama kusalimu. Mgeni akamkamata papo hapo.

"Ulisema kweli, mwalimu," alisema. "Mimi si mwewe. Ni kozi wa msituni, na sisi hatuzunguki angani, tunavizia majanini."

Tetea akamsukuma mwanawe chini ya miiba. "Mwanangu," akanong'ona, "akija mgeni, usianze kumtafutia jina. Tazama anachokitazama."