Jino Lililopinda

Askari wanne waliuvuta waya kutoka ziwani, na mwalimu Zagabe akapiga magoti kwenye mawe, maji yakimchuruzikia suruali.

Waya huo ulipeleka umeme kwenye kambi ya jeshi kwa kupita chini ya ghuba. Sasa ulikuwa umekatwa. Mitumbwi yote ya Bukavu ilikwisha kukamatwa, na mvuvi Télesphore, mdogo wa mke wa Zagabe, aliyekutwa na msumeno, alikuwa amefungwa kamba akingoja risasi.

"Umekatwa na msumeno," Zagabe alimwambia komanda. "Kila msumeno huacha alama yake. Nipe siku moja. Nitakuonyesha kwa fizikia kwamba si wa Télesphore."

Komanda alicheka. "Professeur, uko na kichwa nguvu! Sawa. Mwenye musumeno yenye ilikata anakufa kesho. Bila tribunal, bila kesi."

"Uandike."

Komanda akaandika na kutia sahihi mbele ya askari wote. Kisha akatoa msumeno kwenye gari lake, na Zagabe akakata nao kipande cha ile ncha iliyokatwa, apate kukipima.

"Baki nayo, professeur. Cadeau, zawadi yangu. Mu hii vita, musumeno muzuri haipatikane."

Nyumbani, mtaani Nyawera, mkewe Virginie aliupokea msumeno akapasha msumari moto. Tangu nyumba iporwe, na kwa kuwa kila msiba wa jirani uliazima masufuria na viti, hakuna kitu kilicholala kwake bila jina. Moshi ulipanda kutoka kwenye mpini wa mbao. ZAGABE.

"Maman Yannick, ata musumeno?" Zagabe alimwuliza mkewe.

"Ata weye, kama ungekuwa na mupini. Uniletee tu mudogo wangu."

Kesho yake saa sita mchana, Zagabe, msumeno wake ukiwa mfukoni, aliweka hadubini ya shule juu ya meza ya kambini. Akakata kipande kingine cha waya kwa msumeno wa Télesphore, akamwita komanda achungulie.

"Mistari imenyooka." Akaweka kile kipande cha jana. "Sasa angalia mahali alipokata mhalifu. Unaona mkwaruzo mrefu, unaorudi kila baada ya mistari michache? Jino moja limepinda. Ni msumeno mwingine kabisa."

Komanda alichungulia kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Ni kweli," alisema. "Mufungue huyu."

Kamba zilianguka. Télesphore alilia kama mtoto. Zagabe aliinua kidevu akawatazama askari mmoja mmoja, kisha akakigeuza kipande apate kukifunga kwenye kitambaa. Upande wa pili, ule alioukata mwenyewe jana kwa msumeno wa komanda, ulipita chini ya kioo.

Mkwaruzo mrefu. Mistari michache. Mkwaruzo mrefu.

Alipoinua macho, komanda alikwisha kuikunjua ile karatasi yenye sahihi, na kidole chake kilielekea kwenye mfuko wa Zagabe, mahali mpini ulipochomoza.

"Inabaki musumeno moja tu, professeur. Toa, utusomee jina."