Jiwe Kwenye Kanga

Emiliana alilifunga jiwe kwa kanga, akalifungua, akalifunga tena. Safari hii alikaza fundo, akalilaza ndani ya kisanduku cha mbao kilichokuwa na majivu ya mumewe. Majivu yenyewe aliyafunga kwa kanga ya pili ya doti ileile, akayaficha kwenye kasha la cherehani.

Filbert, mdogo wa marehemu, alikuwa njiani kutoka uwanja wa ndege, akija na neno moja tu: Elisante azikwe Moshi, kihambani, kwenye migomba ya baba zake. Emiliana aliridhia mumewe achomwe akidhani ukoo hautayataka majivu. Ukoo uliyataka. Hasira ilimpanda. Maisha yao yote ya ndoa walishona pamoja hapa ugenini, Marshalltown. Leo wampokonye hata vumbi lake?

Binti yao Manka alikuwa mezani, anasomea mtihani wa chuo juu ya chimbuko la hadithi za miungu ya Kigiriki. Hila ya jiwe ilitoka kwake. Wiki iliyopita alimsimulia mama yake habari za mungu aliyekuwa akimeza wanawe, mpaka mkewe akamviringishia jiwe kwenye nguo za mtoto, naye akalimeza.

"Hivi huyo hakuhisi kuwa ni jiwe?" Emiliana aliuliza.

"Mtu akipewa anachokitaka hachunguzi, Mama." Manka alifunua ukurasa. "Na Wagiriki hawakuianza wao. Majirani zao wa mashariki walikuwa nayo zamani. Ilipita mdomo kwa mdomo, kila mwimbaji akaigeuza kidogo, ikawa yake."

Emiliana alikifunika kisanduku.

"Jana Bibi alinipigia simu kutoka Moshi," Manka aliongeza. "Alilia tu."

Emiliana alijifanya hakusikia. Akawa kiguu na njia: dirishani, mlangoni, akashuka ngazi mpaka barabarani, akarudi, akashuka tena. Manka alibaki juu na kitabu chake.

Filbert alipofika hakutaka hata chai. Alikipokea kisanduku kwa mikono miwili, akakikumbatia.

"Mama hajapata usingizi tangu msiba, shemeji. Sasa atalala."

Akalia bila kujificha. Emiliana naye alilia, na aibu ikamkata maini. Hata hivyo alimsindikiza shemeji yake mpaka kwenye gari.

Gari lilipopinda kona alipanda ngazi mbio. Akafungua kasha la cherehani, akakitoa kifurushi chake, akakibana kifuani. Kilikuwa kigumu. Akalifungua fundo kwa meno, na jiwe likaanguka miguuni pake.

"Eish, Mama," alisema Manka, macho yakiwa bado kitabuni. "Bibi naye ni mama."