Jina Lililofutwa kwa Wino Mweusi

Kidole cha Farkhanda kilifika mstari wa nne wa faili, kikagoma kuteremka.

Jina lilifutwa kwa wino mweusi, kama kawaida. Halmashauri ya mji ilitaka kamati yao ya kuchuja tuhuma za itikadi kali, wanawake watatu wa Kiislamu, isome tabia bila kumjua mtu. Saini mbili zilitosha kulipandisha faili polisi. Likishapanda, mlango wa watu huvunjwa kabla ya Alfajiri, na mtaa mzima hutoka kutazama.

"Nawasomea," alisema Riffat, mwenyekiti, akivaa miwani. Mvua ya kaskazini mwa Uingereza ilipiga dirisha la maktaba. "Mhusika amebadilika tangu majira ya baridi. Hutoka kila Alhamisi, hasemi aendako. Droo yake ina kufuli. Simu ikilia hukimbilia bafuni. Akirudi hubeba majani ya kotmiri, na jokofu limejaa kotmiri."

"Kotmiri nayo imeingia itikadi kali!" Ghazala alicheka hadi chai ikamwagikia sahani. "Basi chatini ya mama mkwe wangu ni bomu."

Riffat alitabasamu, kisha akakaza uso. "Aliyepiga simu ni mtu wa nyumba hiyo hiyo. Alikuwa analia. Namba ya kamati aliipata kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni."

Karatasi zile aliyezigawa ni Farkhanda, kwa siri, nyumba kwa nyumba, akianzia kwake.

"Namwona kabisa kijana huyo," Ghazala alisema. "Vindevu vitatu, na mama yake hana habari. Haroon wako ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na tisa."

"Haya! Umri wenyewe huo."

Farkhanda aliusukuma mfuko wake wa sokoni kwa kisigino, ukaingia ndani zaidi chini ya meza. Sheria aliijua: mwanakamati akikiri kwamba amemtambua mtu wa faili, faili hupanda polisi papo hapo, bila kura. Kusema ni kuuvunja mlango kwa mkono wake. Kunyamaza ni kuwaachia hawa wawili kalamu.

"Labda ana siri ya heri," alisema. "Siri za heri zipo, Dada Riffat. Yule mwenzetu aliyenitangulia, ilipojulikana anakaa kwenye kamati hii, si aliitwa mpelelezi? Mumewe si aliacha kusalimiwa msikitini?"

"Huyo alikuwa mwenzetu," alijibu Riffat. "Huyu hatumjui."

Akatia saini. Akaisogeza karatasi kwa Ghazala.

"Tulisome tena Alhamisi ijayo," Farkhanda alisihi. "Wiki moja tu, shoga. Wewe pia ni mama."

Ghazala aliishika kalamu. Akaitazama karatasi, akamtazama Farkhanda, akaguna.

"Wallahi, moyo wangu unasita. Nyumba nzima ipinduliwe kwa ajili ya kufuli la droo?" Akaitupa kalamu mezani. "Sisaini."

Farkhanda alivuta pumzi, ya kwanza iliyomfika tumboni tangu aketi.

Kalamu ilibiringika, ikaanguka. Ghazala akainama chini ya meza kuitafuta, akakawia huko.

"Shoga," sauti yake ilitoka chini, haina tena kicheko, "hii kotmiri ni yako?"