Kishungi na Mayai ya Kanga

Paliondokea kuku jike aitwaye Kishungi, akawa anaatamia kiota kitupu. Manyoya ya kifua yalimpukutika, chakula hakukitamani, na kila akifumba macho aliwasikia vifaranga wakilia chini ya mbawa zake.

Kanga, asiyejua kutulia, alimcheka. "Dada, unaatamia majani makavu! Mimi mayai yangu nimeyaacha kichakani, nimechoka kukaa."

"Niletee basi, mdogo wangu, yasije yakapoa."

Kanga akayaleta kwa mzaha. Kishungi akayakumbatia, akasinzia kwa raha.

Mayai yalipoanguliwa, Kanga alikuja mbio akiwaita wanawe. Vifaranga wakajificha nyuma ya Kishungi.

"Mama, ni nani huyu?"

Kishungi akamtazama Kanga, akamhurumia.

"Msalimieni," akasema. "Ni mama yenu mdogo."