Ncha za Miti Mikavu

Bibi mgeni alitokea kando ya bwawa na kifurushi cha unga. Rehani alikuwa akimngoja mwenzake wa mashindano ya mashua, naye hakufika, na mashua ya tanga yenye mtu mmoja hupinduliwa na upepo.

"Nipakie mimi, mjukuu wangu, uzito ninao. Ila unipitishe kwenye kaburi la mume wangu. Maji ya bwawa yalilifunika."

"Naahidi, bibi. Lakini usinichezee ngoma humu mashuani!"

Mshindi wa mashindano angepata kazi mbali na mji huo wa bwawani. Miaka tisa Rehani alikuwa amezunguka bwawa lile kama ngamia wa kinu cha mafuta.

Walikuwa mbele ya wote, wakilikaribia boya la mwisho, bibi aliponyoosha kidole kushoto.

"Pale, penye ncha za miti mikavu."

Rehani alilitazama boya. Kisha akageuza usukani. Washindani wake wakapita wakimzomea. Bibi akanyunyiza unga wa tambiko juu ya kaburi, nao ukaelea, mweupe, ukiizunguka mashua polepole.